Namna ya kuandika skripti ya mtu aliyesingiziwa, kwa mtindo wa filamu za bei nafuu za Uingereza

Mtu anakutwa karibu na maiti, kila kitu kinamwelekezea yeye kidole, na ana muda mfupi wa kumpata muuaji wa kweli. Kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1960, studio ndogo za London na vitongoji vyake zilitoa filamu nyingi za namna hii, zikionyeshwa kabla ya filamu kubwa ya usiku huo. Nyingi zilikuwa na bajeti ya kubana sana, na bado zilizo bora zinamshika mtazamaji mpaka leo. Kinachozibeba ni ushahidi wa uongo uliojengwa kwa uangalifu. Mwandishi anayeanza na mbio na ngumi, halafu akatafuta ushahidi baadaye, anakwama akifika ukurasa wa 40.

Urefu na bajeti

Sheria ya filamu ya 1927 iliwalazimisha wasambazaji na majumba ya sinema ya Uingereza kuwa na kiwango fulani cha filamu za nyumbani. Kampuni za Kimarekani zilizokuwa zikisambaza huko zikaagiza filamu za harakaharaka, kwa bei iliyozoeleka ya pauni 1 kwa futi. Filamu ya milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, kwa hiyo futi 6,000 ni kama dakika 66 na pauni 6,000. Baada ya vita pesa ziliongezeka kidogo, lakini watengenezaji kama Merton Park, Tempean na ndugu wawili wa Danziger waliendelea na urefu wa karibu saa moja.

Chukua kipimo hicho: kurasa 65, ukurasa mmoja kwa dakika moja. Ukipiga picha kwa siku 12, ni kurasa 5 na nusu kwa siku, jambo linalowezekana tu kama hamhamihami. Weka sehemu 8 kuu, 5 zikiwa za ndani: chumba cha kupanga, baa, ofisi ya polisi, gereji, ofisi ya wakili. Za nje zisiwe na mazungumzo marefu, kwa sababu sauti ya barabarani itakula muda wako wote. Waigizaji wenye maneno wasizidi 12.

Chagua mwaka kabla ya kuchagua muuaji

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Sheria ya Uingereza ilibadilika mara kadhaa katika kipindi hiki, na kila badiliko linagusa hadithi yako.

Kabla ya 1957, aliyepatikana na hatia ya mauaji alihukumiwa kunyongwa, isipokuwa wachache kama walio chini ya miaka 18. Sheria ya 1957 ikabakiza kitanzi kwa aina chache, miongoni mwake mauaji ya kutumia bunduki, ya kumuua polisi akiwa kazini, na yaliyofanyika katika wizi. Kwa hiyo hadithi ikiwa ya 1958 na marehemu kapigwa kinara cha mshumaa kwa hasira tu, stelingi wako hakabiliwi na kitanzi, na hofu yote uliyoijenga inaporomoka. Ongeza wizi. Mwaka 1965 adhabu ya kifo kwa mauaji ilisitishwa.

Mpaka 1967 uamuzi wa baraza la mahakama ulitakiwa kuwa wa watu wote 12. Hawa ni raia wa kawaida wanaoamua hatia wenyewe, si kama wazee wa baraza wa mahakama zetu waliokuwa wakimshauri jaji. Mwaka huohuo wa 1967 ikaja sharti kwamba mshtakiwa anayedai hakuwepo kwenye tukio atoe taarifa mapema. Shahidi wa kushtukiza anayeingia mahakamani dakika ya mwisho kusema "nilikuwa naye usiku ule" ni halali katika hadithi ya 1955, lakini katika ya 1970 utapata shida.

Mshtakiwa wa mauaji hatarajii dhamana. Kwa hiyo una njia mbili tu. Ama stelingi anakimbia kabla ya kukamatwa, ama yuko ndani na mtu mwingine anahangaika kwa niaba yake: baba, mchumba, wakili. Njia ya pili ni rahisi kwa pesa, na saa yake iko tayari: kwa desturi, Jumapili tatu zilipita kati ya hukumu na kunyongwa, na rufaa ilisogeza siku mbele. Usichanganye njia zote mbili katika dakika 65.

Jenga ushahidi: vitu vitatu, kila kimoja na maelezo yake safi

Unahitaji jicho, kitu na sababu. Yaani shahidi aliyemwona, kitu kinachomfunga na mahali pale, na kisa cha kumfanya aue. Kila kimoja kiwe kweli kabisa. Shahidi mwongo ni njia ya mkato, na mtazamaji anamnusa mapema. Shahidi mkweli aliyekosea anatisha zaidi: Adolf Beck alifungwa London mwaka 1896 kwa sababu wanawake kadhaa waliapa kwa dhati kwamba ndiye aliyewatapeli. Mhalifu halisi alikuwa mtu mwingine. Kesi hiyo ilichangia kuundwa kwa Mahakama ya Rufaa ya Jinai mwaka 1907.

Tuchukue mfano. Novemba 1958, Rotherhithe, karibu na gati za mto Thames. Stelingi ni fundi wa meli kutoka Kanada. (Studio hizi zilipenda kuleta mwigizaji wa ng'ambo ili filamu iuzike Marekani. Ugeni wake unakusaidia: hana ndugu wa kumkimbilia.) Anadaiwa pauni 40 na mkopeshaji anayeishi chumba cha kupanga. Ijumaa saa 3:15 usiku anaenda kulipa, anamkuta amekufa, anaona hati ya deni lake mezani, anaitia mfukoni na kuondoka.

Tazama hati ile inavyofanya kazi. Ni kitu, kwa sababu alama za vidole zimebaki mezani. Ni sababu, kwa kuwa deni limetoweka. Na kuichukua kunaonekana ni wizi, kwa hiyo kitanzi kimerudi. Jicho ni mama mwenye nyumba, aliyemwona akitoka saa 3:20 na anasema ukweli mtupu.

Sasa kinachomwokoa. Chumba kina hita ya gesi yenye mita ya kutumbukiza shilingi, kama vyumba vingi vya kupanga vya wakati ule. Ukurasa wa 4, mtu wa gesi anamwaga sarafu zote kutoka sanduku la mita, na mama mwenye nyumba analalamika kwamba shilingi moja haifiki hata saa moja na nusu. Ukurasa wa 8, stelingi anaingia chumbani na mvuke unamtoka mdomoni, hita imezimika. Ukurasa wa 12, saa 5 usiku, inspekta anavua koti kwa joto. Asiwepo mtu wa kulisemea hilo. Kamera ikae kwenye koti sekunde 2, basi.

Ukurasa wa 57 sanduku linafunguliwa mbele ya inspekta: shilingi 2 tu. Ya kwanza ni ya marehemu, nayo ilikwisha kabla ya saa 3:15. Ya pili ilikuwa bado inawaka saa 5, kwa hiyo ilitumbukizwa baada ya saa 3:30. Saa 3:30 stelingi alikuwa kwenye baa ng'ambo ya mto, mbele ya watu kumi, ushahidi ambao mpaka hapo haukuwa na faida kwa kuwa daktari alisema kifo kilitokea kati ya saa 1 na saa 3:30. Muuaji alirudi kutafuta daftari la madeni, mikono ikamfa ganzi kwa baridi, akawasha moto.

Jaribu kila kidokezo kwa swali moja: polisi mzuri angekiona siku ya kwanza? Adui akisema alikuwa baa saa 10 jioni, umejimaliza. Baa za Uingereza zilifungwa mchana mpaka sheria ilipobadilika mwaka 1988, na inspekta yeyote angemkamata palepale.

Kwa nini asiende polisi?

Jibu liwe ukurasa wa 10, na liwe la mtu mwenye akili. Hapa ni ile hati mfukoni: akiitoa, anajifunga, akiichoma, hawezi tena kueleza. Inspekta naye asiwe mjinga wala katili. Awe mpole, mwenye kofia na koti la mvua, bila bastola, kwa maana polisi wa kule kwa kawaida hawakubeba silaha. Upole wake ndio unaobana.

Maneno ya onyo anayopewa mtuhumiwa na polisi yawe ya Kiingereza cha Uingereza, si ya filamu za Marekani: kwamba halazimiki kusema lolote ila akipenda, na atakalosema litaandikwa na huenda likatolewa kama ushahidi. Mahakamani, jaji wa Uingereza hagongi nyundo ya mbao. Ukimwandikia nyundo, kila anayeijua mahakama ile atakucheka. Na siku zile wakili wa ofisini aliyemtembelea mahabusu siye aliyesimama na wigi kichwani mbele ya jaji Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London. Kama huna pesa za waigizaji wawili, iache mahakama nje ya skripti kabisa.

Baada ya sanduku kufunguliwa bakiza kurasa 8: 5 za kumfukuza adui gatini usiku, kwenye ukungu unaoficha kwamba hamna watu wa kujazia, na 3 za kumaliza. Maelezo yote ya nani alifanya nini yaishe kabla ya mbio hizo kuanza.