Kikao cha vitabu na filamu: marafiki mnavyoweza kukianza kisife mwezi wa pili

Vikao vya namna hii huuawa na mambo mawili. Watu wanakuja hawajasoma, au mmoja mwenye sauti kubwa anaongea mpaka wengine wananyamaza. La kwanza linazuiliwa na hesabu ya kurasa, la pili na kalamu: kila mtu aandike maoni yake kabla hajasikia ya mwenzake. Chai, viti na jina la kikundi vinaweza kusubiri.

Anzeni mkiwa watano hadi wanane. Mkiwa wanne, mmoja akipata dharura mnabaki watatu, na watu watatu hukubaliana upesi mno. Mkiwa kumi na wawili, dakika tano kwa kila mtu ni saa nzima imekwisha hata mjadala haujaanza. Na msikusanye watu wa ladha moja tu. Mpenzi wa riwaya za upelelezi akikaa na mpenzi wa mashairi, ndipo maoni yanapokuwa na kazi ya kufanya.

Kitabu cha kwanza kisizidi kurasa 160. Kurasa 8 kwa siku zinakimaliza kwa siku 20, na kwa riwaya ya kawaida hizo ni kama robo saa au dakika ishirini, yaani safari moja ya daladala au matatu. Wekeni kikao baada ya wiki nne, mpate siku nane za akiba kwa ajili ya msiba, mitihani na uchovu. Kosa linalojirudia ni kuanza na kitabu kikubwa chenye sifa kubwa. Watu wawili wanakimaliza, wengine wanaona aibu, na kikao cha pili hakiitishwi.

Nakala ndiyo taabu halisi. Vitabu vya Kiswahili vilivyo kwenye mitaala ya shule hupatikana kirahisi, lakini riwaya isiyosomwa shuleni huenda ikawa na nakala moja tu dukani. Kwa hiyo tafuteni nakala kwanza, kisha ndipo mpige kura. Pitieni maduka, maktaba, na wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaotandika kando ya barabara. Mkiwa sita mkapata nakala tatu, gawaneni wawili wawili: wa kwanza anakaa nacho siku 13 kwa kurasa 13 kila siku, anamkabidhi mwenzake, naye anapata siku 13 zake. Wiki nne zinatosha na siku mbili zinabaki. Hatari ya mpango huu ni kwamba msomaji wa kwanza atakuwa amesahau nusu ya kitabu siku ya kikao. Basi aandike maoni yake siku ileile anayomaliza, kabla kitabu hakijatoka mkononi. Msitoe kopi kitabu kizima. Soko la riwaya za Kiswahili ni dogo, na mwandishi hapati hata senti kwa kopi. Changeni mnunue nakala moja zaidi.

Sasa maandishi yenyewe. Kabla ya kikao kila mmoja awe na ukurasa mmoja wa daftari wenye mambo matatu: hukumu moja, ushahidi mmoja, swali moja. Hukumu ni sentensi inayoweza kupingwa. “Kitabu ni kizuri” haipingiki, kwa hiyo haina faida kwa wenzako. “Mama mkwe ndiye mhusika pekee anayebadilika, na mwandishi hakuona hivyo” inapingika, na mezani watu watano watainuka vitini. Ushahidi ni tukio au mazungumzo mahususi, na mahali yalipo. Taja sura, usitegemee nambari ya ukurasa peke yake, maana chapa mbili za kitabu kimoja mara nyingi hazilingani kurasa na mtapoteza muda mkitafutana. Swali liwe la kweli, lile ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake.

Siku ya kikao kila mtu asome alichoandika, dakika mbili, bila kukatizwa wala kujibiwa. Ateuliwe mtunza saa, na kazi hiyo izunguke. Mkishazunguka wote ndipo mlango wa mjadala unafunguliwa. Mpangilio huu unaonekana mkavu, lakini ndio unaomlinda mtu mpole. Mkianza kwa gumzo, wa kwanza kusema hupindisha maoni ya wote wanaofuata. Aliyekuwa amekipenda kitabu ataanza kusema “kweli kina kasoro”, na hamtajua kamwe alichofikiri. Maandishi hayapindiki kirahisi hivyo. Kwa sababu hiyohiyo, kitabu kisijadiliwe kwenye kundi la simu kabla ya siku yenyewe. Humo wekeni tarehe, mahali na nani analeta nini.

Mjadala ukishaanza, kosa kubwa ni kusimulia hadithi upya. Wote mmeisoma. Mtu akianza “halafu yule dada akaenda…”, mtunza saa amuulize kwa upole: hilo linaonyesha nini? Kosa la pili ni kuhukumu tabia ya mhusika mkidhani mnahukumu kitabu. Mhusika anaweza kuwa mwovu na kitabu kikawa bora. Ulizeni kama uovu wake umejengwa: tuliona ulikotoka, au tuliambiwa tu?

Filamu ina maandalizi yake, na ifanyeni kila kikao cha tatu hivi ili kuwapumzisha macho wanaosoma. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa takribani mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo picha ya upana wa meta 2 inataka projekta ikae kama meta 3 kutoka ukutani. Pimeni kabla wageni hawajafika. Chumba kidogo kinatoa picha ndogo, na hakuna kitufe cha kubadilisha hilo. Ukuta mweupe laini unatosha. Mkitumia shuka, liwe jeupe, zito, lililopigwa pasi na kuvutwa pembe zote nne, kwani mkunjo mmoja unapita katikati ya uso wa mwigizaji saa nzima. Anzeni giza likishaingia. Pazia jepesi halizuii jua la alasiri, na picha za usiku ndani ya filamu zitakuwa weusi mtupu.

Sauti huharibu zaidi kuliko picha. Spika za laptopu hazitoshi watu wanane. Mkichomeka kebo ya HDMI, mara nyingi sauti huhamia kwenye kispika kidogo cha projekta, kwa hiyo ingieni kwenye mipangilio ya sauti mchague spika yenu. Spika ya waya ndiyo bora. Spika ya bluetooth huchelewa kidogo, na midomo inatangulia maneno. Kama mnatumia VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta ya Windows au Linux, bonyezeni J mara kadhaa. Kila mbonyezo unaiwahisha sauti kwa milisekunde 50, na K inairudisha nyuma. Jaribuni kwenye tukio ambalo mtu anaongea akitazama kamera, si kwenye tukio la muziki.

Kama filamu ina tafsiri ya maandishi, faili lake (la .srt) liwe na jina lilelile la faili la filamu na likae kwenye folda moja nalo, nayo VLC italifungua yenyewe. Maandishi yakitangulia au kuchelewa, G na H huyasogeza. Laptopu iwe na chaji kamili kabla ya kuanza. Umeme ukikatika, wote mnasogea kwenye skrini yake na kumalizia hapo. Vya kutafuna viliwe kabla, hasa bisi na karanga zenye maganda. Marafiki kutazama pamoja sebuleni ni jambo moja. Mkitoza kiingilio au kualika umma, ombeni kwanza ruhusa ya mwenye filamu.

Wakati wa kutazama, kila mtu awe na karatasi na aandike dakika tu: “34, mlango”, “51, kimya kirefu”. Taa zikiwashwa, toeni dakika kumi za kuandika kimya kabla ya yeyote kusema neno. Ni vigumu, kwa sababu watu hutoka kwenye filamu wakiwa wamejaa maneno, lakini dakika hizo kumi ndizo zinazofanya kikao cha filamu kiwe zaidi ya “mimi nimeipenda”.

Kikao kinachonoga kuliko vyote ni kile cha kitabu na filamu yake. Kwa Kiswahili tunayo jozi ya kujivunia: Vuta N’kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, zote zikiwa Zanzibar ya wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Someni kwanza, tazameni baadaye. Mkianza na filamu, nyuso za waigizaji zitakaa kichwani na hamtaweza kuwajenga Yasmin na Denge wenu wenyewe. Na pigeni marufuku sentensi ya “kitabu ni bora kuliko filamu”, inayofunga mjadala kabla haujaanza. Badala yake kila mtu alete tukio moja la kitabuni ambalo halipo kwenye filamu na aeleze kukosekana kwake kumebadilisha nini, kisha alete jambo moja ambalo filamu inalisema kwa rangi, sauti au kimya tu. Msimulizi wa riwaya anaweza kuingia moyoni mwa mhusika na kutuambia anachoogopa. Kamera hainayo njia hiyo, lazima itafute mkono, dirisha, mwendo. Kutafuta hizo njia mbadala ni kazi tamu sana kwa watu walioketi pamoja.

Uchaguzi wa kitabu uende kwa zamu, si kwa kura, kuanzia kikao cha tatu. Kura humpa ushindi mwenye marafiki wengi, na mpenzi wa mashairi hatapata zamu mwaka mzima. Mwenye zamu alete vitabu viwili ambavyo nakala zake ameshaziona kwa macho, wengine wachague kimoja. Asiyemaliza kusoma aje, aseme amefika sura ya ngapi, asome alichoandika mpaka hapo, na avumilie kusikia mwisho. Msimfichie mwisho wala kumtoza faini, maana akiogopa kuja mara moja hatarudi.