Namna ya Kutafuta Chanzo cha Mtetemo wa Injini Katika Gari Lililozeeka

Gari lililotembea miaka ishirini au zaidi katika barabara za Mkoa wa Kigoma linapoanza kutetemeka, mara nyingi mwenye gari huambiwa kwamba injini imechoka na kwamba atafute nyingine. Ushauri huo ni wa gharama kubwa, na mara nyingi hautokani na kipimo chochote. Mtetemo una vyanzo vingi, na baadhi yake huondolewa kwa kubadilisha mpira mmoja au plagi moja. Aidha, kipuri kisichopatikana Mwanga, mjini Kigoma, wala Kasulu huagizwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200, na kikifika kikaonekana sicho, fedha na siku za kazi zimekwisha kupotea. Kwa hiyo upimaji utangulie ununuzi.

Anza kwa kulichunguza gari katika hali nne: linapowashwa asubuhi injini ikiwa ya baridi, likiwa limesimama injini imeshapata moto, likiwa limesimama huku mzunguko wa injini ukipandishwa taratibu, na likiwa barabarani. Andika mtetemo unapoanza, unapozidi na unapokoma. Mtetemo unaotokea gari likiwa limesimama hautoki kwenye magurudumu, na ugunduzi huo peke yake hupunguza kazi sana. Ukitokea barabarani tu, tafuta kipande cha lami kilichonyooka, tambarare na kisicho na watu, kama vile upande wa Kidahwe, ufikishe mwendo ambao gari hutetemeka, kisha ukanyage klachi na kuachia mafuta ili injini irudi chini huku gari likiendelea kuserereka. Mtetemo ukibaki vilevile, kagua balansi ya magurudumu, tairi lililovimba, rimu iliyopinda na krosi za propela (viungo vya mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu). Ukikoma papo hapo, rudi kwenye injini, klachi na mauntini (mipira inayoibeba injini). Usizime injini wakati wa jaribio hili, kwa sababu usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Wala usilifanye kwenye mteremko.

Hesabu ndogo husaidia kuutambua mtetemo kwa mikono na mwili. Gurudumu lenye mzingo wa karibu mita 2, gari likiwa katika kilomita 80 kwa saa, huzunguka takribani mara 11 kwa sekunde, ilhali injini iliyo katika mizunguko 2,500 kwa dakika huzunguka karibu mara 42 kwa sekunde. Ndiyo maana mtetemo wa gurudumu huhisiwa kama kutikiswa, na wa injini iliyo katika kasi huhisiwa kama mvumo. Silinda moja isiyochoma mafuta ni jambo jingine: katika injini ya mipigo minne, kila silinda huchoma mara moja katika mizunguko miwili, hivyo injini inayonguruma katika mizunguko 750 kwa dakika, gari likiwa limesimama, hukosa pigo moja takribani mara 6 kwa sekunde. Hapo kioo cha pembeni hucheza, na kichwa cha gia hutikisika polepole kiasi cha kuonekana kwa macho.

Mipira inayoibeba injini

Mipira hii, ambayo mafundi huiita mauntini, ndiyo ninayopendekeza ikaguliwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ukaguzi wake hauhitaji kifaa cha bei na kwa kuwa hupuuzwa mno. Kazi yake ni kubeba uzito wa injini na giaboksi na kuuzuia mtetemo wa kawaida usifike kwenye bodi. Mpira huzeeka kwa joto, hulainika na kuharibika unapolowa oili inayovuja, na hupasuka kwa mitikisiko ya mashimo. Mtetemo wake una tabia inayojulikana: huwa mkubwa gari likiwa limesimama, hasa gari la otomatiki likiwa kwenye D huku breki imekanyagwa, na hupungua injini inapopandishwa kidogo. Mara nyingi huambatana na kishindo unapoachia klachi au unapobadili kutoka R kwenda D.

Kwanza tumia tochi. Tafuta ufa mahali mpira ulipoungana na chuma, chuma kilichogusana na chuma kwa sababu mpira umelala, na mafuta meusi yaliyotoka kwenye mauntini zenye majimaji ndani. Kisha fungua boneti, weka breki ya mkono na vigingi kwenye magurudumu, mwambie msaidizi akanyage breki kwa nguvu, aingize gia na kukanyaga mafuta kidogo sana, huku wewe umesimama ubavuni mwa gari na kamwe si mbele yake. Injini itainama kidogo upande mmoja, na hiyo ni kawaida. Ikiruka na kugonga, mauntini ya upande unaonyanyuka ndiyo ya kushukiwa. Jaribio la mwisho ni kuweka jeki yenye kipande kipana cha mbao chini ya injini, injini ikiwa imezimwa, na kuipandisha polepole mpaka uzito uondoke kwenye mipira. Ufa uliokuwa umefumbwa na uzito utafunguka. Bila mbao, sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) hubonyea, na sampu iliyobonyea huweza kuziba njia ya kunyonya oili.

Wapo wanaokata kipande cha tairi kuukuu na kukikaza badala ya mauntini. Kama njia ya kulifikisha gari nyumbani kutoka Uvinza, naielewa. Kama matengenezo, siikubali hata kidogo: tairi ni gumu kuliko mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo, hupeleka kila pigo la injini kwenye bodi, na mwenye gari huishia kutafuta mtetemo mpya kwenye injini isiyo na kosa. Angalia pia bomba la eksozi. Injini iliyolala upande mmoja hulisukuma bomba mpaka liguse fremu, na mguso huo mmoja hutosha kulifanya gari zima livume.

Injini inapomisi

Mauntini zikiwa nzima, tafuta silinda isiyofanya kazi. Kwa injini ya petroli yenye nozeli za umeme, yaani zinazopulizia mafuta, chomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Silinda nzima ikizimwa, mlio hushuka na mtetemo huongezeka. Silinda ambayo kuzimwa kwake hakubadilishi kitu ndiyo mbovu. Wengi huchomoa waya za plagi badala yake, lakini umeme wake ni mkali, unaweza kukupiga na kuharibu koili, na petroli isiyochomwa huingia kwenye eksozi ya moto. Ukishaijua silinda, badilishana plagi yake na ya silinda jirani, kisha rudia jaribio. Ubovu ukihama, umepata jibu kwa bei ya plagi moja. Usipohama, badilishana waya au koili, na baadaye nozeli.

Isome plagi uliyotoa. Rangi ya udongo hafifu ni afya. Masizi makavu meusi huonyesha mafuta mengi kupita kiasi kwa hewa iliyopo, na katika vumbi jekundu la huku filta ya hewa iliyoziba ni sababu ya kukaguliwa mapema. Plagi iliyolowa oili upande wa ndani huelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Oili iliyojaa kwenye kisima cha plagi kwa nje ni gasketi ya kava ya valvu tu, na haistahili kumtisha mtu. Mtetemo unaopotea kabisa mzunguko unapopanda, huku plagi zote zikiwa nzuri, hutokana mara nyingi na hewa inayoingia kupitia mpira mdogo uliopasuka kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda).

Injini za dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, kama 1HZ ya Land Cruiser, hupimwa kwa kulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja moja, robo mzunguko tu, ukiwa umelifunika kwa kitambaa na kuvaa miwani. Dizeli inayotoka kwa shinikizo hupenya ngozi na kuhitaji hospitali mara moja, hivyo mkono usiwe karibu. Kwa injini za dizeli zenye reli ya pamoja (common rail), jaribio hili ni marufuku. Shinikizo lake hupita baa 1,000. Kabla ya kulaumu nozeli, toa maji yaliyokusanyika kwenye filta ya dizeli, hasa kama gari hujazwa dizeli ya madumu vijijini, na uweke kwa muda bomba linaloonyesha ndani kwenye njia ya dizeli iendayo kwenye pampu ili uone kama kuna mapovu ya hewa. Gari linalotetemeka na kutoa moshi mweupe dakika za kwanza za asubuhi tu, kisha likatulia, linadai kwanza ukaguzi wa plagi za joto (zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha), na wenye magari wa nyanda za Kasulu wataliona hili zaidi kuliko wa Ujiji ufukweni.

Mtetemo unaoongezeka sambamba na mzunguko bila injini kumisi huashiria kitu kinachozunguka bila mizani. Kagua feni iliyovunjika panga. Piga mstari wa rangi kwenye puli ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini) kuvuka sehemu ya mpira. Mstari ukikatika baada ya siku kadhaa, puli imeachana na mpira wake. Unaweza pia kuvua belti ya nje na kuwasha injini kwa nusu dakika: mtetemo ukitoweka, tatizo liko kwenye altaneta, feni au pampu ya maji.

Kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, ipimwe mwisho, injini ikiwa ya moto na plagi zote zimetolewa. Katika injini nyingi ndogo za petroli, tofauti kati ya silinda isizidi karibu baa 1. Silinda ikiwa chini, tia kijiko cha oili na upime tena: kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kisipopanda, shuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi. Hapo ndipo mazungumzo ya kufungua injini yanapokuwa na msingi.

Unapoagiza kipuri, tuma namba ya chasisi, namba ya injini na aina ya giaboksi, kwa kuwa mauntini ya kushoto hutofautiana na ya kulia, na ya otomatiki na ya gia za mkono. Ikifika, ifunge bila kukaza bolti, washa injini dakika chache ikae mahali pake, izime, ndipo ukaze.