Kuhamisha /home kutoka ext4 Kwenda Btrfs na Kuitunza

Btrfs, ambayo kama ext4 ni mfumo wa kupanga mafaili diskini, imekuwa ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 2.6.29 la mwaka 2009, na Fedora iliifanya chaguo-msingi la toleo lake la kompyuta za mezani mwaka 2020. Kinachonivutia zaidi kwake ni kwamba kila kipande cha data huhifadhiwa pamoja na namba yake ya uhakiki, hivyo faili likiharibika kimyakimya diskini utajulishwa unapolisoma. Katika mwongozo huu sehemu ya diski yenye /home, yaani folda za watumiaji, ni /dev/sda3. Badilisha jina hilo lilingane na la kwako.

Kabla ya yote, weka nakala rudufu kwenye diski nyingine na ujaribu kufungua mafaili kadhaa kutoka humo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya ubadilishaji unaweza kupoteza kila kitu. Hakikisha pia kwamba sehemu hiyo haijakaribia kujaa. Kisha ingia kama root (msimamizi wa mfumo), bila mtumiaji mwingine yeyote kuwa kazini, uipachue, uikague na uibadilishe:

umount /home
e2fsck -f /dev/sda3
btrfs-convert /dev/sda3

Ubadilishaji ukimalizika, soma UUID (namba ya utambulisho ya sehemu hiyo) kwa amri ya blkid, kwa kuwa huenda imebadilika, kisha rekebisha mstari wa /home katika /etc/fstab, faili lenye orodha ya sehemu za kupachikwa:

UUID=namba-yako /home btrfs noatime,compress=zstd:1 0 0

Sifuri ya mwisho ni ya lazima kuizingatia, maana Btrfs haikaguliwi kwa fsck (programu ya kukagua mifumo ya mafaili) wakati wa kuwasha kompyuta. Pachika kwa mount /home, kisha fanya kazi zako za kawaida kwa siku chache.

Ndani ya /home utakuta sabvolyumu (sehemu inayojitegemea ndani ya Btrfs) iitwayo ext2_saved, ambayo imehifadhi mfumo wa zamani jinsi ulivyokuwa. Ukijuta, pachua na uandike btrfs-convert -r /dev/sda3, lakini fahamu kwamba utarudishiwa hali ya siku ya kubadilisha na kupoteza yote uliyoandika baada ya hapo. Kwa hiyo sioni faida ya kuiacha zaidi ya wiki moja. Ukisharidhika, ifute, na kuanzia hapo njia ya kurudi imefungwa:

btrfs subvolume delete /home/ext2_saved
btrfs filesystem defragment -r -czstd /home
btrfs balance start -mconvert=dup /home

Amri ya pili hupanga upya na kubana mafaili ya zamani, nayo ifanyike kabla hujaanza kuchukua snapshoti (picha za hali ya mafaili kwa wakati fulani), kwa sababu hutenganisha data ambayo snapshoti zinashirikiana na mafaili ya sasa, na nafasi huliwa maradufu. Ya tatu huhakikisha metadata, yaani taarifa kuhusu mafaili kama majina na mahali yalipo, ina nakala mbili.

Matunzo yenyewe ni machache. Mara moja kwa mwezi endesha btrfs scrub start -B /home, amri inayosoma data yote na kuilinganisha na namba zake za uhakiki. Kwenye diski moja, metadata iliyoharibika hurekebishwa kutokana na nakala yake ya pili, ilhali faili lililoharibika hutajwa tu, nawe utalirudisha kutoka kwenye nakala rudufu. Snapshoti haiwezi kukusaidia hapo, kwani inatumia vipande vilevile vya diski.

Kwa kupima nafasi, tumia btrfs filesystem usage /home badala ya df. Ukiona nafasi iliyotengwa imekaribia ukubwa wa diski nzima ilhali inayotumika ni ndogo, andika btrfs balance start -dusage=30 /home ili vyumba (mafungu ya nafasi iliyotengwa) vilivyo karibu vitupu viunganishwe; hakuna haja ya kusawazisha kila kitu.

Hifadhidata na diski za kompyuta pepe ziwekwe katika folda mpya iliyopewa chattr +C (inayozima uandishi wa nakala mpya kila data inapobadilika) kabla haijawekewa chochote, ingawa data yake itakosa namba za uhakiki. Na mfumo ukigoma kupachikwa, usikimbilie btrfs check --repair, ambayo inaweza kuzidisha uharibifu: jaribu kwanza kupachika kwa kusoma tu, uokoe mafaili kwa btrfs restore kwenda diski nyingine, ndipo ufikirie matengenezo.