Jinsi ya kununua na kuuza tena sarafu za toleo maalumu za dhahabu na fedha

Kabla ya yote: humu nikisema "fedha" namaanisha madini. Zile za kulipia nitaziita hela, tusije tukachanganyana.

Wengi huingia kwenye kazi hii kupitia tangazo la aina moja: "zimetengenezwa 500 tu duniani kote". Mimi pia niliingilia mlango huo. Nikanunua tatu za fedha, kila moja na cheti chake na sanduku la mbao lenye kitambaa laini ndani. Nilipotaka kuziuza nikagundua kwamba duniani kote kuna sarafu 500 na huenda watu 40 wanaozitaka. Tangu hapo sianzi na swali la zimetengenezwa ngapi. Naanza na nani anazitafuta, na hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na swali hilo.

Hatua ya 1: Tenganisha bei ya madini na nyongeza

Bei ya dhahabu na fedha sokoni hutajwa kwa wakia ya troi, ambayo ni gramu 31.1035. Si wakia ya kawaida ya gramu 28.35, na kuna wauzaji wanaofurahi ukizichanganya. Chukua uzito wa sarafu, zidisha kwa usafi wake, gawanya kwa 31.1035, kisha zidisha kwa bei ya siku.

Tuseme una Sovereign ya Uingereza. Uzito wake ni gramu 7.98 na ni ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, kwa hiyo dhahabu halisi ndani yake ni gramu 7.32, chini kidogo ya robo wakia. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1967, nayo ni karati 22, lakini ina uzito wa gramu 33.93 ili dhahabu yake ifike wakia moja kamili. Maple Leaf ya Kanada haina haja ya uzito huo wa ziada kwa sababu siku hizi ni dhahabu ya 999.9, yaani sehemu 999.9 kati ya 1,000. Usafi ni wa kuangaliwa mwaka kwa mwaka: Britannia ya fedha, ya Uingereza, ilikuwa 958 hadi mwaka 2012, na kuanzia 2013 ikawa 999.

Ukishapata bei ya madini, kinachobaki kwenye bei uliyotajiwa ndicho nyongeza. Kwenye daftari langu viwili hivyo vina safu mbili tofauti, kwa sababu vina tabia tofauti. Madini hupanda na kushuka, lakini siku yoyote yana mnunuzi. Nyongeza inaweza kuisha ikabaki sifuri. Tena bei ya madini ikipaa ghafla, nyongeza za sarafu nyingi hunywea, kwani mnunuzi wa kawaida hana hela ya kulipia vyote viwili.

Hatua ya 2: Chagua mfululizo ambao tayari una watu wake

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Mtu mwenye sarafu za mfululizo mmoja za miaka ishirini hawezi kulala vizuri akikosa mwaka mmoja. Huyo ndiye mteja wako. Panda ya China hubadilisha picha karibu kila mwaka tangu 1982, na ilipojaribu kurudia ya 2001 mwaka 2002 wakusanyaji walilalamika hadi mpango ukaachwa. Mfululizo wa Lunar wa Perth Mint, kiwanda cha sarafu cha Australia, una wanyama 12 wa kalenda ya Kichina, na aliyefikisha 9 atawatafuta watatu waliobaki. Silver Eagle ya Marekani imekuwapo tangu 1986, na wenye seti yake ni wengi mno.

Sasa tazama sarafu tatu, zote za Marekani.

Mwaka 1995 kiwanda cha sarafu cha huko kilitoa Silver Eagle ya prufu (iliyogongwa kwa uangalifu maalumu, uso wake ukang'aa kama kioo) yenye herufi W, alama ya kiwanda cha West Point, lakini hakikuiuza peke yake. Ilikuja kama zawadi ndani ya seti ya sarafu nne za dhahabu, seti nzima dola 999. Wakusanyaji wa fedha wakanuna: nani anunue dhahabu yote hiyo ili apate sarafu moja? Zikatoka 30,125 tu. Leo hiyo ndiyo ghali kuliko zote za kawaida kwenye mfululizo wake, na kila mwenye seti lazima apambane nayo.

Mwaka 2014 ikatoka nusu dola ya dhahabu ya kumbukumbu ya rais Kennedy, robo tatu ya wakia, dola 1,240 siku ya kwanza. Watu walilala nje kwenye maonyesho karibu na Chicago, wafanyabiashara wakawalipa wengine wawasimamie foleni, na mauzo ya pale yakasitishwa mapema kwa kuhofia usalama. Ukiona foleni ile ungeapa sarafu hiyo ni adimu. Wala haikuwa na kikomo cha idadi! Kiwanda kiliendelea kutengeneza kadiri oda zilivyokuja, zikapita 70,000, na waliouziwa bei ya juu katika msisimko wa wiki ile wakabaki nazo.

Mwaka 2019 ikaja Silver Eagle yenye herufi S, ya kiwanda cha San Francisco, prufu ya kinyume (picha inang'aa na uwanja umefifia), kikomo 30,000, dola 65.95, moja kwa kila kaya. Iliisha ndani ya dakika chache, na muda mfupi baadaye zilikuwa zinauzwa zaidi ya dola 1,000.

Ya kwanza na ya tatu zina idadi karibu sawa, na zote mbili zinajaza pengo kwenye mfululizo ambao maelfu ya watu walikuwa nao tayari. Ile ya Kennedy ilikuwa na kelele tu. Kwa hiyo kabla sijanunua natafuta mambo mawili: kikomo kimeandikwa wapi na kiwanda chenyewe, na sarafu za miaka iliyotangulia za mfululizo huo *zimeuzwa* bei gani. Bei ambayo muuzaji ameiweka haina maana. Mtu anaweza kuandika chochote. Kwenye masoko ya mtandaoni chuja uone mauzo yaliyokamilika, na kama kwa miezi mitatu hujaona hata moja, hamisha macho. Visiwa kama Niue na Tuvalu vimeruhusu jina lao litumike kwenye matoleo mengi sana ya idadi ndogo, mengine mazuri ajabu kwa macho. Nunua unachokipenda uweke nyumbani. Kuuza tena ni habari nyingine.

Hatua ya 3: Jiandae kwa siku ya kutoka

Fungua akaunti mapema, weka anwani na kadi, soma kiwango cha juu kwa kila mteja, na uwe mbele ya skrini dakika kumi kabla. Ukikosa, usikimbilie kwa mlanguzi saa hiyo hiyo. Subiri wiki sita hadi nane: walionunua kwa ajili ya kuuza huwa wamechoka kusubiri na bei hutulia. Zipo zinazokataa kushuka, kama ile ya 2019, lakini ni chache.

Hatua ya 4: Pima kabla hujalipa, au mara tu ifikapo

Vifaa ni mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa (ya kupimia kipenyo na unene), sumaku yenye nguvu, na kikombe cha maji. Vyote vinaenea kwenye droo moja.

Anza na uzito na vipimo. Silver Eagle ina kipenyo cha milimita 40.6 na unene wa 2.98. Sarafu ya bandia ya shaba iliyopakwa fedha ikiwa na uzito sahihi na kipenyo sahihi, lazima iwe nene kuliko inavyotakiwa, maana shaba ni nyepesi. Mghushi hawezi kukwepa yote matatu.

Sumaku: fedha haivutwi. Ukiinamisha sarafu na kuiachia sumaku iteleze juu yake, itashuka polepole kama inayopita kwenye asali. Ikinata, rudisha sarafu. Shaba nayo huipunguza sumaku mwendo, kwa hiyo usiishie hapo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba ndogo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha safi ya gramu 31.1 itakupa takriban 2.96, yaani 10.5 ukigawanya. Dhahabu safi ya uzito huo itakupa 1.61, yaani 19.3. Niliwahi kuletewa Silver Eagle iliyong'aa vizuri, uzito sawasawa. Nikaizamisha, mizani ikasoma 3.46. Hiyo ni shaba. Muuzaji alikuwa hajamaliza hata chai yake. Punguza tu mapovu yanayong'ang'ania ukingoni, yanaharibu hesabu.

Kwa dhahabu jihadhari na tangsteni, ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribia mno ule wa dhahabu safi, maji hayaikamati. Sarafu ya bei hiyo ipeleke ikapimwe kwa mashine ya sauti au ya kupitisha umeme. Na kipimo cha maji ni cha sarafu za kawaida tu. Prufu usiizamishe kamwe, hata kuitoa kwenye kapsuli, kile kifuniko chake kigumu cha plastiki, fikiria mara mbili.

Hatua ya 5: Usiisafishe

Nilipokuwa mgeni nilisugua sarafu ya fedha iliyopauka kwa dawa ya meno. Ikang'aa. Niliisimamisha chini ya taa nikiwa nimejaa furaha, nikaizungusha, nikaona mistari midogo mamia ikizunguka pamoja na mwanga. Mistari hiyo haifutiki, na mnunuzi yeyote mwenye kioo cha kukuzia anaiona kwa sekunde tatu. Nyongeza yote ikaishia hapo.

Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa, mdomo umefungwa, kwani tone la mate huacha doa. Epuka vifuko laini vya plastiki ya PVC: baada ya muda hutoa kitu cha kijani kinachonata na kula uso wa sarafu. Kapsuli ngumu inayolingana na kipenyo, kifuko cha kunyonya unyevu, na mahali pakavu vinatosha. Madoa meupe kama maziwa kwenye sarafu za fedha hutokana na utengenezaji, si kosa lako. Kiwanda cha Kanada kilianza mwaka 2018 kutumia kinga dhidi yake kwenye Maple Leaf za fedha. Kwa sarafu za zamani kidogo, nunua ukijua kuwa yanaweza kutokea zikiwa kabatini kwako.

Hatua ya 6: Kupanga daraja, pale tu inapolipa

PCGS na NGC, kampuni mbili za Marekani, hukagua sarafu, huipa daraja kati ya 1 na 70, na kuifunga kwenye kasha la plastiki lenye namba. Sarafu nyingi za kisasa hupata 69 au 70, na pengo la bei kati ya hizo mbili ni kubwa. Kwa kawaida 69 hairudishi ada uliyolipa. Basi mimi hutuma zile tu ambazo, hata zikipata 69, sitapata hasara. Lebo za "kutoka kwa kwanza" zinaeleza tarehe sarafu ilipopokelewa tu, si kwamba ilikuwa ya mwanzo kugongwa, sizilipii. Ukinunua iliyokwisha kufungwa, ingiza namba kwenye tovuti ya kampuni na linganisha picha, kwani makasha nayo hughushiwa.

Hatua ya 7: Kuuza

Fanya hesabu kabla ya kuweka bei. Umenunua kwa 100. Soko la mtandaoni linakata asilimia 13, na kutuma kwa bima ni 6. Ukiuza 115 umepata hasara. Inabidi uuze karibu 122 ndipo urudishe tu ulichotoa, na hapo kodi bado. Uingereza, kwa mfano, dhahabu ya uwekezaji haina VAT lakini fedha inatozwa asilimia 20, kwa hiyo mnunuzi wa fedha huanza akiwa nyuma. Jua sheria ya unapoishi, na utunze risiti zote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanasema kizuri chajiuza. Sarafu haijiuzi bila picha: mwanga wa pembeni, pande zote mbili, ukingo, na kasoro ionekane wazi. Ukificha mkwaruzo, sarafu itarudi na gharama za kutuma ni zako. Mfanyabiashara atakupa kidogo na kukulipa leo. Mkusanyaji atakupa zaidi na kukuuliza maswali wiki nzima. Vya haraka humpelekea wa kwanza, adimu humsubiria wa pili.

Na ikipita miaka miwili nyongeza haijasogea, ninaiuza kama madini siku ambayo bei imepanda. Zile tatu zangu za mwanzo ziliishia kwa sonara. Alizipima kwa pamoja, akalipa kwa gramu, akanirudishia masanduku ya mbao. Moja naweka kalamu.