Somo: Njia ya sianidi kutoka kwenye muhogo hadi kwenye neva zinazoendesha miguu, na namna ya kuiziba

Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja, kisha ukasimama hapohapo: hauendelei, lakini pia hauponi. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1981 uliikumba Nampula, Msumbiji, ukawapata watu zaidi ya 1,000, na mwaka 1985, wakati wa ukame, ulionekana Tarime mkoani Mara. Nauchagua kwa sababu ni miongoni mwa magonjwa machache ya neva ambayo chanzo chake, hapa sianidi, sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri, kinaweza kuondolewa jikoni, na atakayeelewa seli inavyoumia ataelewa pia kwa nini kazi hiyo haiwezi kusubiri hospitali.

Hatua ya 1: Fahamu kilichomo ndani ya mzizi

Sianidi haikai huru ndani ya muhogo. Imefungwa katika kemikali iitwayo linamarini, ambayo seli huihifadhi mbali na linamarase, kimeng'enya cha kuivunja kilichoko kwenye kuta za seli. Mzizi ukitwangwa au ukivundikwa majini, kuta hubomoka, viwili hivyo hukutana, na hatimaye hutoka hidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi na kupotelea hewani. Ndiyo maana kumenya muhogo mchungu na kuuchemsha papo hapo hakusaidii sana: moto huharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, ilhali linamarini huvumilia moto na kubaki chakulani. Makopa yaliyoanikwa juani bila kuvundikwa nayo hubaki na sumu nyingi.

Hatua ya 2: Fuata sumu hadi kwenye ini

Mwili una kinga yake. Kimeng'enya cha rodanese, ambacho kiko kwa wingi kwenye ini, huipachika sianidi chembe ya salfa na kuifanya thiosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutokana na asidi amino za methionini na sisteini, yaani protini ya dagaa, nyama, mayai, na kwa kiasi kidogo kunde. Anayekula ugali wa muhogo mtupu kwa majuma mengi anaingiza sumu huku ghala la salfa likikauka. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha somo zima, maana sumu peke yake haielezi kwa nini konzo huonekana miaka ya njaa na vita, na kwa nini huwakwepa wavuvi wanaokula muhogo uleule pamoja na samaki.

Hatua ya 3: Ingia ndani ya neuroni, yaani seli ya neva

Sianidi iliyobaki hushika chuma kilichomo katika saitokromu oksidesi, kituo cha mwisho cha mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, ambapo oksijeni hutumika. Uzalishaji wa ATP, nishati inayotumiwa na seli, hushuka, pampu za sodiamu na potasiamu hulegea, utando wa seli hupoteza chaji yake, glutameti, kemikali ya kupeleka ujumbe, humwagika kati ya neuroni, na kalsiamu huingia kwa wingi. Kwa kawaida kalsiamu iliyo huru ndani ya neuroni ni pungufu mara 10,000 hivi kuliko ile ya nje, kwa hiyo lango likifunguka bila mpaka, vimeng'enya vinavyoamshwa na kalsiamu huanza kukata nyuzi zinazoishikilia seli kwa ndani kama mifupa. Mfuatano huuhuu hutokea mtu anapopata kiharusi au jeraha kubwa la kichwa. Katika konzo, wanaoshukiwa ni watatu: sianidi yenyewe, thiosianati na sianeti, kemikali nyingine inayotokana na sianidi. Zinazoathirika zaidi ni neuroni za gamba la ubongo zinazotuma nyuzi ndefu hadi sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na ndiyo sababu miguu hukakamaa badala ya kulegea, na goti likigongwa hurusha mguu kwa nguvu.

Hatua ya 4: Lowesha unga

Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Tia unga mkavu wa muhogo kwenye bakuli na uweke alama ndani pale unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena, nawe uache ukifika kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka, unene usiozidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Linamarase iliyosalia humalizia kazi yake, na sumu hubaki theluthi moja hadi moja ya sita. Usonge ugali siku hiyohiyo, kwani unga uliolowa huchacha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sisi tunalima muhogo mtamu. Je, tuko salama?*

Marahaba. Mna nafuu kubwa, ila ukame huongeza sumu hata kwenye muhogo mtamu. Mwaka ambao mvua imekataa, uonjeni kwanza, na ukiwa mchungu msiuchemshe moja kwa moja.

*Na kisamvu je?*

Majani huwa na linamarini nyingi kuliko mzizi uliomenywa, lakini kuyatwanga hadi yalainike kabisa kabla ya kuyaweka motoni huiondoa kwa kiasi kikubwa. Tatizo ni kukatakata majani na kuyachemsha bila kutwanga.

*Mwalimu, mdogo wangu aliugua tangu utotoni. Je, atawaambukiza watoto wangu, na ipo dawa?*

Pole sana. Konzo hauambukizi, hata mkila sahani moja. Neuroni zilizokufa hazirudi, lakini mazoezi ya viungo, magongo, dawa za kulegeza misuli kama bakilofeni, na kwa wengine upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino, humwezesha mtu kutembea vizuri zaidi. Muhimu kwake ni kutokula tena unga wenye sumu, kwa sababu shambulio la pili huweza kutokea na kumwongezea ulemavu.

*Kwa nini watoto na wanawake ndio wengi?*

Waathirika wakuu ni watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake wa umri wa kuzaa, ambao mwili unawadai protini nyingi. Mtoto anayenyonya kwa kawaida haupati.