Unaapgredi Ubuntu? Hakikisha DNS yako haipotei njiani

Nina kasteshenari kadogo Kabwe hapa Mbeya, kompyuta nne, printa mbili na mashine ya kutoa kopi. Juni moja, ile baridi ya kufanya vidole vigome kwenye kibodi, nikafunga mlango usiku, nikaweka chai pembeni, nikaapgredi kompyuta zote kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04 (Ubuntu ni mfumo wa kompyuta wa Linux, unakaa mahali pa Windows). Asubuhi zimewaka zote, intaneti ipo, nikajiona fundi kwelikweli. Saa nne akaingia mama mchungaji kuprinti ratiba ya kwaya, tukasalimiana ugonile ugonile, nikamkalisha kompyuta namba mbili afungue imeili yake, kumbe dogo wa sekondari aliyetoka pale sasa hivi kaacha ukurasa wazi. Sisemi ulikuwa na nini. Mama wa watu alivua miwani akaifuta akaivaa tena, halafu akasema tu "baba, nitarudi baadae". Hajarudi siku ile.

Ukurasa ule haukutakiwa hata kufunguka, maana kompyuta zangu zote nilishaziwekea DNS ya kuchuja. Apgredi ilikuwa imeifuta na haikuniambia kitu. Kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya siku hizi, na mtu mwenye maabara ya shule kule Mafinga au ofisi Njombe naye achukue, mambo ni yaleyale.

Kwanza tuelewane DNS ni nini kwa wale ambao wanaisikia tu. Kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina la tovuti inabidi iulize mtu, kama mgeni anayeshuka stendi na kuuliza bodaboda wa kijiwe cha kwanza anachokiona. Kijiwe hicho ndo DNS. Usipoichagulia kompyuta kijiwe, itauliza kile inachoonyeshwa na rauta. Mimi nimeichagulia 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ni ya Cloudflare, wameitoa 2020, na ukiiulizia tovuti za ngono au zenye virusi inajibu 0.0.0.0, yaani "mtaa huo haupo". Ni ya bure. Wengine wanatumia 9.9.9.9 ya Quad9, ile inazuia tovuti za wezi na virusi tu, ya ngono haigusi, na 8.8.8.8 ya Google haichuji kitu. Chagua yako, njia ya kuilinda ni ileile.

Sasa kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa nimeandika DNS kwa mkono kwenye /etc/resolv.conf, kwa sababu maelekezo mengi ya zamani yanasema hivyo. Kwenye Ubuntu za sasa faili hilo kwa kawaida ni kivuli tu, linaelekeza kwenye faili lingine lililoko ndani ya /run, na huko kila kitu kinaandikwa upya kompyuta ikiwaka. Mimi nilikuwa nimekifuta kivuli nikaweka faili langu la kawaida, likakaa mwaka mzima bila shida, apgredi ilipopita ikarudisha kivuli chake. Wapo watakaokwambia ulifunge na chattr +i lisibadilike. Usifanye, ni sawa na kupiga misumari mlango ambao kesho wewe mwenyewe utataka kupita, programu yoyote yenye haki ya kuandika pale itagonga ukuta na wewe utakuwa umeshasahau kwamba ulipigilia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua DNS yako imeandikwa WAPI, sio imeandikwa nini. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

resolvectl status
ls -l /etc/resolv.conf
nmcli con show

Ya kwanza inakuonyesha vijiwe vyote vinavyoulizwa, juu kabisa vya kompyuta nzima na chini vya kila njia ya mtandao, kebo kivyake waifai kivyake. Ya pili ukiona mshale unaelekea stub-resolv.conf basi hilo ni kivuli, usipoona mshale ujue uko kwenye kosa langu. Ya tatu inakupa majina ya miunganisho uliyonayo, yanakili vilevile yalivyo na nafasi zake, utayahitaji.

Halafu weka akiba. Mimi natengeneza foda moja:

mkdir ~/akiba-dns
resolvectl status > ~/akiba-dns/kabla.txt
cat /etc/resolv.conf > ~/akiba-dns/resolv.txt
sudo cp -a /etc/netplan /etc/NetworkManager/system-connections /etc/systemd/resolved.conf /etc/hosts ~/akiba-dns/

Foda hiyo hamishia kwenye flashi na flashi uichomoe. Angalizo, ndani ya system-connections kuna paswedi za waifai zimeandikwa wazi, kwa hiyo sio flashi ile unayoazimisha wateja. Na hiyo hosts usiidharau, kama uliwahi kuipa printa au seva ya ofisi jina la kienyeji ndo inakaa humo. Pia piga picha skrini kwa simu. Najua inaonekana ya kizamani lakini siku kompyuta haina mtandao na flashi haisomi, picha ya kwenye simu ndo inakuokoa.

Sasa ndo penyewe, kuihamisha DNS iende mahali ambapo apgredi haina sababu ya kupagusa. Faili kama /etc/systemd/resolved.conf ni la mfumo, lilikuja na mfumo, na mfumo ukipata toleo jipya unaweza kuja kulidai. Ila ukitengeneza faili lako mwenyewe pembeni, kwenye foda ambayo mfumo unaisoma, hilo halina mwenyewe zaidi yako:

sudo mkdir -p /etc/systemd/resolved.conf.d
sudo nano /etc/systemd/resolved.conf.d/dns-yetu.conf

Ndani andika mistari hii mitatu tu:

[Resolve]
DNS=1.1.1.3 1.0.0.3
Domains=~.

Ule mstari wa mwisho wenye kiwimbi na nukta watu wengi wanauruka, usiuruke, ndo unaosema maswali yote ya majina yaje kwenye DNS hii. Hifadhi, kisha washa upya systemd-resolved, ile programu ya mfumo inayouliza majina:

sudo systemctl restart systemd-resolved

Hapo hujamaliza, maana rauta nayo bado inaisogelea kompyuta na kijiwe chake na ukiviacha vyote viwili vikae pamoja kompyuta inaweza kwenda kuuliza kule usikotaka. Ifunge masikio:

nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.ignore-auto-dns yes ipv6.ignore-auto-dns yes
nmcli con up "Wired connection 1"

Badilisha hilo jina kwa jina la kwako. Ya ipv6 (ule mfumo mpya wa namba za mtandao, ipv4 ndo wa zamani) nimeiweka makusudi. Nilishawahi kuhangaika nusu siku chujio linafanya kazi saa hii, saa ijayo halifanyi, nikadhani ni mambo ya kichawi, kumbe upande wa IPv4 uko sawa na upande wa IPv6 rauta inapitisha DNS yake kimyakimya.

Fanya haya yote KABLA ya apgredi, jaribu yakae japo siku mbili, ndo uapgredi. Ukichanganya mabadiliko mawili usiku mmoja kikiharibika hujui cha kulaumu.

Jinsi ya kujaribu: Cloudflare wana jina la majaribio, halina picha chafu yoyote, usiogope:

resolvectl flush-caches
resolvectl query nudity.testcategory.com

Ikijibu 0.0.0.0 chujio lipo. Ikileta namba nyingine yoyote halipo, hata kama skrini ya setingi inakuonyesha 1.1.1.3 kwa herufi kubwa. Hapa ndo nilipojifunza kwa uchungu, mimi asubuhi ile nilichoangalia ni kama intaneti ipo, na intaneti ilikuwepo kweli. DNS ikipotea mara nyingi hakuna kinachozima, kompyuta inahamia tu kijiwe kingine na maisha yanaendelea.

Apgredi yenyewe sina mengi. Inashusha zaidi ya GB moja kwa kila kompyuta kwa hiyo bando la usiku, laptopu iwe kwenye chaji, na kama ni ya mezani na huna UPS basi chungulia nje kwanza, ukiona mawingu mazito yamelala mlima Loleza na radi zinaanza, kesho nayo siku. Amri ni sudo do-release-upgrade. Katikati itakusimamisha iulize kuhusu faili fulani ulilowahi kulibadilisha, kwamba ulichukue jipya au ubaki na la kwako. Usibonyeze tu kwa usingizi. Bonyeza D kwanza uone tofauti, halafu kama faili linahusu mtandao na ni wewe uliyelibadilisha, N, linabaki la kwako, na hata ukibonyeza Enter tu jibu lake la kawaida ni hilohilo N. Faili letu la dns-yetu.conf hutaulizwa kabisa, ndo raha yake.

Ikimaliza na kuristati, rudia resolvectl status na ulinganishe na kabla.txt, rudia na lile jaribio. Kitu kimoja cha kuangalia kwa macho mawili ni majina. Baada ya apgredi kadi ya mtandao inaweza kuamka na jina jipya, jana enp2s0 leo enp3s0, na mfumo ukadhani ni kadi ngeni ukaitengenezea muunganisho mpya, unakuta "Wired connection 2" ambayo haijazibwa masikio. Rudia tu amri ya nmcli kwa jina jipya. Kama uliandika DNS ndani ya /etc/netplan kwa jina la kadi, itabidi ulibadilishe na huko kisha sudo netplan apply. Na 24.04 miunganisho mingine inahamia kwenye foda hilohilo la netplan, kwa hiyo ukikuta mafaili yanayoanza na 90-NM humo usiyafute ukidhani ni takataka.

Ikitokea baada ya apgredi majina hayafunguki kabisa, usikimbilie kupiga upya Ubuntu. Andika ping 1.1.1.1. Ikijibu, na ping ya jina la tovuti haijibu, mtandao ni mzima kilichokufa ni kuuliza njia tu. Mara nyingi ni kivuli kimekatika, kiunge:

sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf
sudo systemctl restart systemd-resolved

Mnaotumia Debian, Linux nyingine ndugu wa Ubuntu, hii inawahusu zaidi. Kutoka Debian 11 kwenda 12, ambayo ilitoka Juni 2023, hiyo systemd-resolved iliondolewa ndani ya kifurushi kikuu (cha programu, sio cha bando) ikawa kifurushi chake, na apgredi haikuwekei yenyewe. Kama uliitegemea, unabaki bila DNS, na huwezi kukishusha kifurushi kwa sababu huna DNS ya kukishushia! Futa kile kivuli, andika nameserver 1.1.1.3 kwenye resolv.conf kwa muda (hapa naruhusu), kisha apt install systemd-resolved.

Kwa wa Windows, na mko wengi mnaohama 10 kwenda 11 tangu msaada wa 10 ufungwe Oktoba 14, 2025. Ukiapgredi juu ya ile iliyopo mara nyingi DNS inabaki, ukipiga mpya inafutika yote. Kabla, fungua cmd (terminali ya Windows) andika ipconfig /all na upige picha. Baada, kama draiva imebadilika utakuta adapta inaitwa "Ethernet 2" na DNS imerudi otomatiki, basi fungua cmd kama adimini:

netsh interface ipv4 set dnsservers "Ethernet 2" static 1.1.1.3 primary
netsh interface ipv4 add dnsservers "Ethernet 2" 1.0.0.3 index=2

Upande wa IPv6 ni amri hizohizo ila unaandika ipv6 badala ya ipv4, na anwani zinakuwa 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003. Jaribio ni nslookup nudity.testcategory.com.

Mtu ataniuliza, si uweke DNS kwenye rauta yenyewe uachane na kuzunguka kompyuta moja moja? Ukiweza weka, ila rauta nyingi za laini tunazonunua hazina hata sehemu ya kubadilisha. Na hata ikiwepo, siku bando la rauta likiisha katikati ya wateja utawasha hotspoti ya simu, na simu inakuja na DNS yake. Ndo maana mimi hotspoti ya simu yangu niliiunganisha kila kompyuta mara moja, nikaizibia masikio kwa amri ileile ya nmcli, ikae tayari. Na brauza nazo ziangalie, zina setingi ya DNS salama ya kwao wenyewe, dogo mjanja akiiwasha akachagua kampuni nyingine anakuruka juu kwa juu na resolvectl itakwambia kila kitu kiko shwari.

Mama mchungaji alirudi baada ya wiki mbili hivi, alikuwa na kadi za mchango wa harusi nakala mia mbili. Kabla hajakaa aliniuliza, "ile ya namba mbili umeitengeneza?" Nikamfungulia terminali nikamwonyesha 0.0.0.0. Akaiangalia, akasema ndaga, yaani asante, akaenda kukaa namba nne.