Maji ya kisima na meno ya mtoto

Wazazi wa Nakuru, hasa mnaotumia maji ya visima virefu: yale meno ya kahawia si uchafu, na mswaki hauyatakatishi. Ni floridi, madini ya asili, iliyozidi kwenye maji. Huyaharibu meno ya kudumu yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, tangu kuzaliwa hadi takriban miaka 8. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani, floridi inazidi kukolea! Kwa hiyo maji ya mvua mliyoyakinga na kuyatibu, wawekeeni wadogo kwanza, hata uji wao upikiwe hayo. Dawa ya meno bado wanaihitaji, ingawa nayo ina floridi: chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele tu. Mkubwa ambaye meno yameshabadilika rangi, daktari wa meno anaweza kuyang'arisha au kuyafunika.